Pambo la Siri ni la Nani?

Fundi anapochonga ua dogo nyuma ya mlango, mahali ambapo jicho la mgeni halitafika, humchongea nani? Swali hili ni kongwe, na kila jamii yenye mafundi imelijibu kwa namna yake. Nataka kuliuliza upya, ila safari hii nianzie mbali na mwambao wetu, katika mahali ambapo aghalabu hatupatafutii hekima: bustani za burudani za Disney nchini Marekani.

Bustani ya kwanza ilifunguliwa Anaheim, California, mwaka 1955. Nyingine, iliyo kubwa zaidi, ilifunguliwa Florida mwaka 1971. Watu huziendea kwa bembea, kwa gwaride na kwa kasri za hadithi. Wamo, hata hivyo, wageni ambao haja yao si hiyo. Hao hutembea polepole wakikagua kuta, mazulia, vyuma vya madirisha na mawe ya njiani. Wanatafuta miduara mitatu: mmoja mkubwa, na miwili midogo iliyokaa juu yake mithili ya masikio. Hiyo ndiyo sura ya Mickey, panya wa katuni aliyeanza kujulikana mwaka 1928, na wenyewe humwita Mickey aliyefichwa.

Inasimuliwa kwamba mchezo huu ulianza wakati wa ujenzi wa Epcot, sehemu ya bustani ya Florida iliyofunguliwa mwaka 1982. Wakubwa walitaka pawe mahali pa elimu na pa watu wazima, wakaamua kuwa vikaragosi vya katuni visionekane humo. Mafundi hawakubishana nao. Walimtia panya wao kimya kimya ndani ya michoro na nakshi, akawa anawachekea wanaomjua. Katika nyumba ya mizuka iliyoko bustani hiyohiyo ya Florida, juu ya meza ya karamu, sahani moja kubwa na visahani viwili vimepangwa vikatoa sura ileile. Hivyo, asili ya pambo hili ni utani wa wafanyakazi wao kwa wao. Mteja hakuwamo katika hesabu.

Lakini siri ya watu wengi haidumu. Habari ilienea, vitabu vya kuwaongoza watafutaji vikaandikwa, na kampuni yenyewe ikatoa beji zenye jina hilo. Hapo ndipo swali letu linapogeuka kuwa la maadili. Fundi wa mwanzo alificha kwa kuwa alikatazwa kuonyesha. Fundi wa leo huficha kwa kuwa anajua atatafutwa, na anayetafuta atarudi tena, na kila kurudi kuna tiketi. Kilichokuwa pambo kimekuwa chambo. Tofauti ya maneno hayo mawili ni ndogo mdomoni, bali ni kubwa katika dhamiri: pambo humwachia mtu uhuru wa kulipita, chambo hutegwa ili asipite.

Hata hivyo tusiwahukumu haraka watafutaji. Wana jambo la kutufunza sisi wapenzi wa ushairi. Miduara mitatu iko kila mahali duniani: katika kokoto, katika mapovu ya sabuni, katika nyanya zilizomwagika sokoni. Basi wao hubishana: huyu ni Mickey wa kweli au ni jicho letu tu? Wameweka masharti: ukubwa ulingane, masikio yakae panapostahili, na pawe na dalili kwamba mkono wa mtu ulikusudia. Ni ubishi uleule wa barazani kuhusu mafumbo. Msomaji hutaja maana ya tatu ndani ya ubeti, na mshairi huapa kuwa hakuiweka. Nani mwenye haki? Kwa maoni yangu, maana yaweza kuwa ya kweli hata kama mtunzi hakuikusudia, mradi maneno yenyewe yanaibeba. Pambo la siri haliko hivyo. Hilo ni hidaya, na hidaya haiwi hidaya bila mtoaji. Anayeona Mickey katika kokoto amepata furaha, ila hakupewa kitu na mtu.

Sasa tuje kwenye jambo linalotugusa sisi wenyewe. Mwaka 1998 ilifunguliwa huko Florida bustani iitwayo Animal Kingdom. Katikati yake umesimama mti wa kubuni wenye urefu wa mita 44, na juu ya shina na mizizi yake wamechongwa wanyama zaidi ya 300. Ndani ya bustani hiyo upo mji uitwao Harambe, mji usiokuwepo katika ramani yoyote, uliobuniwa kwa mfano wa miji ya mwambao wetu, hasa Lamu. Vibao vina maneno ya Kiswahili. Mafundi walipasua lipu kwa makusudi, wakaichubua rangi, wakazipaka kuta uchakavu wa miaka ambayo haikupita. Na ukutani waliandika maneno haya: Uhuru 1961.

Tafakari jambo hilo, msomaji. Mgeni hupita na kitabu mkononi akitafuta miduara mitatu. Neno Uhuru limeandikwa waziwazi mbele ya macho yake, na haliulizi. Kumbe kufichika hakumo katika kitu peke yake. Kumo pia katika jicho. Kwa msomaji wa Tanganyika, tarakimu 1961 haihitaji kitabu cha kumwongoza. Mfasiri anaijua hali hii vizuri: lililo wazi kwa mwenye lugha ni pambo tu kwa asiyekuwa nayo.

Na ule ufa? Kule, ufa ni nakshi, umelipiwa, na nyuma yake ukuta ni madhubuti. Huku kwetu ufa ni ufa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883 lililo katika Mji Mkongwe, mji ulio katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, iliporomoka na kuua watu. Simlaumu fundi wa Florida kwa kupenda uzuri wa kuta zetu kuukuu. Hata sisi tunaupenda. Ila mapenzi yanayoiga ufa yanapaswa kumkumbuka anayelala chini yake. Uigaji unaochukua jeraha na kumwacha mjeruhiwa ni uzuri uliopungukiwa na adabu.

Nadhani wazee wetu waliokuwa wakijenga nyumba za mawe Lamu na Pate walilijibu swali letu bila kulitamka. Mgeni alikaribishwa penye daka, nje. Lakini kazi kubwa ya zidaka, safu juu ya safu za nakshi katika chokaa, ilifanywa ndani kabisa, mahali pa watu wa nyumba. Pambo bora lilifichwa wasilione wapitao, lakini halikufichwa kwa wanaoishi nalo. Halikuwa la riya, wala halikuwa mtego. Lilikuwa haki ya aliyezaliwa, aliyeolewa, aliyeugua na aliyeoshwa humo.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Pambo la siri ni la yule atakayeishi nalo, na lina heshima maadamu halimtegi yeyote. Utani wa mafundi wa Epcot ulikuwa halali, kwa kuwa wao ndio walioishi na kazi ile mchana na usiku. Na sisi tunaotazama tuna deni letu: tusiridhike kuona tulichoambiwa tukitafute. Nalifunga kwa ubeti:

Jicho lenye uchunguzi, halikomi barazani,
Humuona mwenye kazi, hata akiwa pembeni,
Nyufa zikitoa chozi, huuliza alo ndani,
Pambo bila mpokezi, ni vumbi la ukutani.