Kumwuzia Mgonjwa Tumaini

Je, ni haki? Ini likiisha kujaa makovu, wako watangazao kwamba seli shina za mgonjwa mwenyewe zitaliponya, naye alipe fedha nyingi. Huko Uingereza wagonjwa 81 waligawanywa kwa kura: wengine walipewa dawa ya kuziamsha seli hizo, wengine dawa pamoja na seli zenyewe, wengine matunzo ya kawaida tu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018: tiba hiyo haikulipa ini nafuu zaidi.

Twaona hao walitendewa haki, maana waliambiwa kwamba lilikuwa jaribio. Auzaye shamba la watoto ameuziwa “labda” kwa bei ya “hakika”. Akituuliza, twamjibu asiuze. Na kulisema hilo mbele ya mkewe ni kazi ngumu.