Bwato ya wazee na mbao yenye kuoza

Ndugu msomaji, pengine utashangaa: mwalimu wa Fungurume anatafuta nini na habari ya mabwato? Hapa kwetu tuko na milima, mukuba na vumbi. Lakini mabwato yalishapita hapa. Mu mwezi wa 8 wa mwaka 1915, wakati wa vita kuu ya kwanza, mabwato mawili ya Waingereza, Mimi na Toutou, yalishushwa mu treni hapa hapa Fungurume, maana reli ilikuwa inaishia hapa. Yakavutwa na mashini ya moshi, na ngombe, na mikono ya watu, kupita milima ya Mitumba. Kisha reli ingine, mto Lualaba, na reli tena, mpaka ku ziwa Tanganyika. Majina ya mabwato yamebaki mu vitabu. Ya wale waliovuta, karibu yote yamepotea.

Ku ziwa lile, karibu na Kalemie, baba-mukwe wangu alikuwa na bwato ndogo ya mbao na tanga. Alipozeeka, ilikaa inchi kavu miaka mingi. Mbao zikakauka na kuachana, mlingoti ukapasuka, tanga likaliwa na panya. Bashemeki wangu watatu wakagombana. Mkubwa alisema: "Tuiweke chini ya manjanja, ikuwe ukumbusho wa mzee. Mtu asiiguse." Wa pili alisema: "Tupasule kuni, tununue ya motere." Wa tatu alitaka kuitengeneza. Mzee mwenyewe aliposikia, alisema neno moja tu: "Bwato yenye haigusake mayi, iko kuni zenye zinangojea moto."

Wakaita fundi. Mimi nilikuwa mu konje, nikakaa kumwangalia. Hakuanza na kutoa. Alianza na kugonga. Alipita na nyundo mbao kwa mbao, akisikiliza: mbao nzima inaitika, yenye kuoza inanyamaza. Pale ilinyamaza, alichoma kisu. Kisu kikiingia kama mu muhogo wa kupikwa, mbao inatoka. Lakini hakutupa mbao mbovu. Aliilalisha juu ya mbao mpya, akachora kwa kuifuata, njo akakata. Kisha akaziba nafasi kwa pamba na gudroni. Mafundi wa pwani, kule Lamu na Zanzibar, wanaita kazi hiyo kalafati. Wanasukuma pamba yenye mafuta katikati ya mbao, na chini wanapaka deheni, ni kusema mafuta yaliyochanganywa na chokaa. Tanga jipya lilishonwa na bashi ya kamyo. Mwishoni waliitia mayi siku kadhaa, mbao zivimbe na kushikana.

Mbao nyingi zilikuwa mpya. Sasa, ni bwato ya mzee ao ni ingine? Swali hili si la leo. Plutarque aliandika ya kama watu wa Athènes walichunga bwato ya Thésée, wakibadilisha kila mbao yenye kuoza, mpaka wenye hekima wakagawanyika: wengine walisema ni ileile, wengine walikatala. Niliwauliza wanafunzi wangu, nao wakagawanyika vilevile.

Mimi jibu langu nilipata ku habari ya 1915. Tarehe 26 ya mwezi wa 12, Mimi na Toutou walikamata bwato ya Wajerumani, jina yake Kingani. Waingereza wakaziba tundu lake, wakaiita Fifi. Mu mwezi wa 2 wa 1916, Fifi ikazamisha Hedwig von Wissmann, mwenzake wa zamani. Ona basi: bwato ya Thésée ilibadilika mbao zote, kazi haikubadilika. Kingani ilibaki na chuma chake, lakini iligeuka kupiga watu wake. Gani imebaki mwaminifu? Kwangu, ni ile ya kwanza.

Kwa nini ninaandika hii mu kitabu cha desturi? Mu mwaka 2014 kaka yangu alikufa. Wazee wa familia walisema: "Desturi ni desturi," na vitu vya marehemu vikahesabiwa: manjanja, kitanda, masufuria, hata mashini ya kushona yenye mujane alijinunulia mwenyewe. Mimi njo niliandika liste. Walinichagua kwa sababu ya mwandiko wangu wa mwalimu. Niliandika vizuri, bila kufuta, naye alikuwa amekaa chini mbele yangu akiangalia kalamu.

Na desturi ile, mwanzoni, ilikuwa ya nini? Wazee walitufundisha ya kama familia ya mume iko na deni ya kumuchunga mujane na batoto, wasibaki inje. Maneno yamebaki yaleyale, lakini sasa yanamupiga yule aliyepaswa kulindwa. Ni Kingani. Sheria ya familia ya tarehe 1/8/1987, yenye nayo ilitengenezwa tena mu 2016, inamuhesabu mwenye kubakia kati ya warithi. Watu wanasema sheria hiyo inaharibu desturi. Mimi ninaona inarudisha mbao mpya kufuata umbo la ile ya zamani.

Nani basi atasema mbao gani imeoza? Si mwenye kusimama ku ngambo na kusifu uzuri wa bwato. Ni yule mwenye kukaa pale mayi inaingilia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Lakini ku bwato hakuna ukuta wa kujenga, kuna watu wa kuzika tu.

Mashini ya kushona nilimurudishia shemeki yangu, miaka mbili nyuma. Masufuria yalikuwa yameisha kupotea. Alipokea, hakusema kitu.

Ndugu wa shirika letu, tuchunge desturi zetu, tusipasule kuni. Lakini tugonge kila mbao, na tuanze kuuliza wenye kulowa. Bwato ya Kalemie ilipoingia ziwani, mzee hakuuliza kama inafanana na ile ya zamani. Aliuliza: "Imerudisha watu wote?"