Wasaidizi wa Nyanjani

"Tunawashukuru wasaidizi wetu wa nyanjani." Basi, ndiyo hiyo. Sentensi moja mwishoni mwa makala ya kurasa 18, na ndani ya hilo neno "wasaidizi" nimo mimi.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Daraja la kuelea la Liwatoni lilikuwa limeanza kutumika mapema 2021, abiria wa miguu wakagawanyika, na mhadhiri wetu mmoja akataka kujua kina mama wanaouza viazi karai upande wa feri, Likoni, wameathirika vipi. Alichukua wanafunzi wanne. Mimi peke yangu ndiye mtu wa Likoni. Malipo shilingi 500 kwa siku, lakini si hizo zilizonivuta. Alisema atanifunza utafiti unavyoandikwa, na jina langu litaingia kwenye makala.

Hojaji yake ilikuwa ya Kiswahili cha vitabuni. "Mapato yako ya wastani kwa mwezi ni kiasi gani?" Nani ajibu hilo huku mafuta yanaungua? Nikawa nauliza: ukifunga jioni, wabaki na ngapi ya kesho? Hapo wakafunguka. Mama mmoja akaniambia yeye hahesabu shilingi, ahesabu sufuria. Siku njema sufuria mbili, siku mbaya moja.

Kisha karo ikanishinda, nikaacha chuo. Mhadhiri akaacha kupokea simu zangu. Makala niliikuta mtandaoni baadaye, nikiwa nautafuta mfano mwingine kabisa. Sufuria zilikuwemo, tena ndizo zilizobeba sehemu nzima. Mimi simo.

Makomredi wangu waligawanyika. Wengine: mtaje hadharani, muaibishe. Mwingine, rafiki yangu wa Changamwe, akaniuliza, "Si alikulipa? Fundi akijenga nyumba huandika jina lake ukutani?" Hilo lilinikosesha usingizi kwa sababu lina ukweli ndani yake. Lakini fundi anapewa bei ya kazi yake. Mwanafunzi hupewa bei ya nauli na chakula, kilichobaki kinajazwa na ahadi ya kufunzwa. Ile ahadi ndiyo iliyonifanya niandike maswali upya usiku, kazi ambayo hakuna aliyeniagiza. Ikivunjwa, kazi ile inakuwa imechukuliwa bure.

Nikaanza kutafuta wenzangu wa zamani, na Mombasa haikosi. Mashairi ya Muyaka bin Haji yangeweza kupotea na wazee waliokuwa wakiyakumbuka. Karne ya 19 ikielekea ukingoni, Mwalimu Sikujua bin Abdallah akayakusanya, akishirikiana na W. E. Taylor, mmishonari wa CMS, aliyeyanakili kwa hati za Kizungu. Karatasi zikaishia London. Diwani yenyewe ikachapishwa Johannesburg mwaka 1940, mhariri William Hichens. Waulize wasomaji wa mashairi mtaani: Muyaka wanamjua. Sikujua? (Jina nalo, kama lilijitabiria.) Kwa haki, Taylor aliacha kumbukumbu ya kazi ya Mwalimu, na wasomi leo wanamtaja kwa sababu hiyo. Mtu mmoja aliandika jina la mwenziwe, na limefika.

Nilikuwa nimeshafurahi kupata ndugu wa kuliliana naye. Ndipo nikajiuliza kuhusu wale wazee. Waliokaa na Sikujua, wakamtolea beti zilizokuwa vifuani mwao miaka yote, ni kina nani? Wengi wao hata siwezi kuwataja hapa.

Na mimi nina wangu. Yule mama wa sufuria nilimwambia, "Ntarudi mamangu, nikuletee majibu." Sikurudi. Nimepita feri mara ngapi tangu siku hiyo? Napitia upande wa pili, nikijifanya niko kwenye simu. Tena zile sufuria nimeziandika katika insha mbili nilizolipwa, na sasa hii ya tatu. Mhadhiri alinichukulia mara moja.

Mwezi uliopita nikaenda, simu mkononi, makala imefunguliwa. Akanitazama. "Wewe si yule wa maswali? Nilidhani mshatusahau." Nikaomba radhi, nikamsomea kwa Kiswahili huku akigeuza viazi. Nilipofika penye sufuria akainua mwiko.

"Mbili? Nani kasema mbili? Siku njema ilikuwa tatu. Mbili ndiyo hii ya sasa, tangu hilo daraja lenu."

Nyumbani nikafukua daftari la zamani. Mbili, kwa mwandiko wangu. Mhadhiri hakukosea kunakili. Na kwa hiyo mbili yangu, makala inasema biashara yake haikuguswa sana.

Nikarudi kesho yake kumwambia kosa ni langu, na kwamba nataka kuliandika, safari hii kwa jina lake.

"Jina la nini, mwanangu? Askari wa kaunti wakilisoma? Mie hapa sina leseni." Akanifungia viazi vya shilingi 50 kwenye gazeti, akakataa pesa. "Jina liache. We rekebisha sufuria."

Ni tatu.