Msitu Usio wa Babu Zangu

Mkutano ulifunguliwa kwa dua mbili. Sheikh aliomba, mchungaji akaomba, na wote wawili wakaomba mvua. Tulikuwa wajitolea wa mazingira kutoka vijiji na mitaa ya Korogwe na Handeni: wajumbe wa kamati za maliasili, akina mama wa vitalu vya miche, vijana wa doria. Mimi nilitokea Masuguru. Tulisaini karatasi ya mahudhurio, tukanywa chai na maandazi, kisha mwezeshaji akabandika karatasi ya manila ukutani na kuandika swali moja kwa wino mwekundu: Kwa nini tunahifadhi msitu?

Majibu yalimiminika. Mvua. Maji ya mto Pangani. Asali. Kuni. Dawa. Mapato ya kijiji. Karatasi ilipojaa, bibi mmoja wa upande wa Handeni, aliyekaa nyuma kabisa amejitanda khanga, akanyoosha mkono.

"Mwanangu," alimwambia mwezeshaji, "hayo yote uliyoandika ni faida. Wazee wetu walikuwa na msitu ambao hata tawi kavu huokoti, na hakuna aliyewalipa. Sasa siku faida ikiisha, msitu tutauacha?"

Tuliambiwa swali hilo tutalirudia baada ya chakula. Hatukulirudia. Nimelibeba mpaka nyumbani na bado sijalitua.

Misitu aliyoisema bibi naifahamu. Wazigua wana misitu ya mizimu, mahali pa tambiko na pa makaburi ya wakubwa, mingi yake midogo tu, imebaki katikati ya mashamba kama visiwa. Mlinzi wake alikuwa hofu. Aliyekata mti mle alingoja maradhi, au kupotea njia aliyoizoea tangu utoto. Hofu hiyo naiheshimu, maana imelinda miti kwa miaka mingi kabla ya ofisi yoyote kujengwa. Lakini si hofu yangu. Baba yangu alikuja manamba kutoka Songea kukata mkonge, nami nikazaliwa kambini. Mifupa ya babu zangu iko mbali sana na hapa. Hakuna mzimu wa Kizigua unaonijua kwa jina.

Mkonge wenyewe ulikuja kama baba alivyokuja, kutoka mbali na kwa ajili ya kazi ya mtu mwingine. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliuleta katika pwani hii, na inasimuliwa kwamba ni miche 62 tu iliyofika hai. Kutokana na michache hiyo yalikuja mashamba yaliyoufunika mkoa wa Tanga. Nimekata mkonge ujana wangu wote. Naijua ile mistari iliyonyooka, miiba ya nchani, na jua lisilokupa pa kujificha. Kila mstari niliokata ulikuwa pori zamani, na huenda mahali fulani chini ya panga langu palikuwa na tambiko la mtu. Hofu haikuuzuia mkonge, kwa sababu waliokuja nao hawakuwa na hofu hiyo. Mzimu humzuia anayeuamini. Kwa mgeni, ni miti tu.

Baada ya hofu ilikuja sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zimewapa wanavijiji nguvu kubwa: kijiji kinaweza kutenga msitu wake, kikaweka mipaka na sheria ndogo, kikatoza faini. Nashukuru kwa hayo. Ila faini inamhitaji mtu wa kuona, na usiku watu hulala. Kisha ikaja miradi, na miradi ikaja na posho. Nimeona doria ya watu kumi na wawili ikibaki na watu watatu mwezi ule ule posho ilipokatika. Siwalaumu walioondoka, wana watoto. Lakini bibi aliuliza juu ya siku hiyo hasa.

Mimi nilikuwa mmoja wa wale watatu, na usiku mmoja tuliona moshi. Tuliufuata tukakuta tanuru la mkaa, magogo yamefukiwa kwa nyasi na udongo, moshi ukiwa bado mweupe, maana yake kuni hazijaiva. Kando yake alikaa jirani yangu. Ijumaa msikitini tunasimama safu moja, bega kwa bega. Alinitazama akasema, "Mzee mwenzangu, kijana amepangiwa shule ya mbali. Ada imefutwa, lakini sare, godoro na nauli havijafutwa."

Nilimripoti. Alitozwa faini, na kijana wake alichelewa kuripoti shuleni karibu muhula mzima. Kwa miezi mingi sikupata usingizi mzuri. Je, ule ndio uhifadhi? Mimi nililinda miti kwa ajili ya watoto watakaozaliwa. Yeye aliikata kwa ajili ya mtoto aliyekwisha kuzaliwa.

Neno lililonisaidia nililijua tangu chuo cha Kurani: amana. Sura ya Al-Ahzab inaeleza kwamba amana ilionyeshwa kwa mbingu, ardhi na milima, vyote vikaogopa kuibeba, binadamu akaibeba. Nilipokuwa mtoto niliisikia kama habari ya mbali. Sasa naisikia kama habari yetu: milima ilikataa, sisi tukakubali, na sasa milima yenyewe imo mikononi mwetu. Wenzangu Wakristo wananiambia kwao pia binadamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Hakuambiwa ni yake.

Mtu akikuachia mzigo wake akasafiri, huulindi kwa kuogopa mzimu wake, wala kwa kuwa anakulipa. Unaulinda kwa sababu si wako, na mwenyewe atarudi. Kwa hiyo hata mimi, mwana wa manamba, naweza kuulinda msitu usio wa babu zangu. Amana haiulizi ukoo. Huko Pemba, mwishoni mwa miaka ya 1990, wavuvi wa Misali walifundishwa kuitunza bahari yao kwa mafunzo ya Kurani, katika kisiwa ambacho masimulizi yanasema Nabii Hadhara alikifanya msala wake. Hawakuletewa neno geni. Walikumbushwa neno walilokuwa nalo.

Lakini amana hiyo hiyo ndiyo iliyonihukumu. Kama miti ni amana, jirani naye ni amana, na mwanawe pia. Sikukosea kumzuia. Nilikosea kuishia pale, nikarudi nyumbani kulala kama mtu aliyemaliza kazi. Mlinzi anayehesabu miti na kusahau watu amelinda nusu ya alichokabidhiwa.

Nilimwendea, tukakaa. Kamati ikatoa mizinga mitatu, tukaitundika pamoja ukingoni mwa msitu. Nyuki wameingia mzinga mmoja tu. Kijana amerudi shuleni, kwa mchango wa safu ile ile ya Ijumaa. Si mengi, na mkaa bado unapita usiku katika barabara ya Handeni.

Juzi tulipita penye lile tanuru. Udongo bado ni mweusi, lakini visiki vya kando vimechipua, machipukizi mekundu ya urefu wa kiganja. Jirani yangu aliinama akayaangalia, kisha akanyanyua miiba mikavu akayazungushia. Sikuwa nimesema neno.

"Mwambie mwenye mbuzi," akaniambia, "asiwapitishe hapa."