Sauti ya Marehemu, Ulimi wa Aliye Hai

Zamani kazi mpya ya msanii aliyefariki ilikuwa na maana moja tu: kilichofichika kimefichuka. Sanduku limefunguliwa, daftari limeonekana, kanda iliyosahauliwa imesikilizwa. Marehemu alikwisha kusema. Walio hai ndio waliochelewa kusikia. Leo maana hiyo imepanuka hata imegeuka. Miongoni mwa nyimbo, filamu na michezo ya video inayotolewa kila mwaka, zimo kazi ambazo ndani yake mtu aliyekwisha kuzikwa huimba ubeti asioutunga, au hujibu swali aliloulizwa jana. Kinachowezesha hayo ni akili mnemba, yaani programu ya kompyuta inayosikilizishwa sauti ya mtu mpaka ikaweza kuiiga. Swali linalozaliwa hapo si la mafundi peke yao. Ni swali la maadili, na kwa wapenzi wa ushairi ni swali la nyumbani: je, ni halali kumlisha maneno mtu ambaye hawezi tena kuyatema?

Kabla ya kuhukumu, yafaa kutenganisha mambo, kwani yote huitwa kwa jina moja na hayafanani. Mifano mitatu itatosha.

Wa kwanza ni wimbo "Now and Then" wa kundi la The Beatles la Uingereza, uliotolewa tarehe 2 Novemba 2023. John Lennon aliurekodi nyumbani kwake New York mwishoni mwa miaka ya 1970, peke yake na piano, kwenye kanda ya kawaida. Aliuawa Desemba 1980. Mwaka 1994 mjane wake, Yoko Ono, alimkabidhi Paul McCartney kanda zenye nyimbo ambazo hazikuwa zimekamilika. Wenzake watatu walizikamilisha mbili, zikatolewa mwaka 1995 na 1996. Ya tatu waliijaribu wakaiacha, kwa sababu piano ilikuwa imeifunika sauti na kanda yenyewe ilikuwa na mvumo. George Harrison naye akafariki mwaka 2001. Baadaye ikapatikana programu iliyofundishwa kutenganisha sauti zilizochanganyika, iliyotengenezwa na mafundi wa mwongozaji filamu Peter Jackson kwa ajili ya filamu ya kundi hilo ya mwaka 2021. Kwa programu hiyo sauti ya Lennon ilichambuliwa kutoka ndani ya piano ikabaki peke yake, safi. McCartney na Ringo Starr wakapiga vyombo vyao, gitaa alilolipiga Harrison mwaka 1995 likatiwa, na fidla zikaongezwa.

Wa pili ni wa Aprili 2024. Drake, msanii wa Kanada, alikuwa katika malumbano na Kendrick Lamar wa Marekani. Katika wimbo mmoja wa malumbano hayo aliileta sauti ya Tupac Shakur, aliyeuawa Septemba 1996, ikimchokoza Lamar. Tupac hakuwahi kuyasema maneno hayo, wala hakuwahi kumjua Lamar kama mshairi, kwani alipokufa Lamar alikuwa mtoto wa miaka 9. Mawakili wa warithi walidai wimbo uondolewe, wakieleza kwamba ruhusa isingetolewa kamwe, na baada ya siku chache ukaondolewa.

Wa tatu ni wa mchezo wa video. James Earl Jones wa Marekani, ambaye sauti yake nzito ndiyo iliyomsemea Darth Vader tangu filamu ya kwanza ya Star Wars mwaka 1977, alifariki Septemba 2024 akiwa na umri wa miaka 93. Alipokuwa hai aliridhia sauti yake iigwe na kompyuta. Mei 2025 mhusika huyo alitiwa katika mchezo wa Fortnite akiwa na uwezo wa kuzungumza na wachezaji: mchezaji huuliza, programu hutunga jibu, na jibu hutoka kwa sauti ya Jones. Familia yake ilikubali. Siku hiyo hiyo wachezaji waliihadaa programu, na sauti ya mzee huyo ikasikika ikitamka maneno machafu. Kampuni ilirekebisha upesi, lakini sauti ilikwisha kusikika.

Jibu la kwanza linalotolewa kwa kawaida ni la ruhusa: warithi wakikubali, basi. Hilo ndilo jibu la sheria. Jimbo la California lilipitisha mwaka 2024 sheria inayokataza kutumia nakala ya kompyuta ya marehemu katika filamu na rekodi bila ya idhini ya wenye haki zake. Sheria hiyo ni njema, maana humzuia mwizi. Lakini kumzuia mwizi ni jambo moja, na kuhalalisha tendo ni jambo jingine. Warithi hurithi nyumba, shamba na mapato ya santuri; hizo ni mali. Kauli si mali. Kauli ni ushahidi wa mtu juu ya nafsi yake: alichokipenda, alichokichukia, alichokiona kuwa kweli. Mtoto anaweza kuiuza nyumba ya baba yake, na mnunuzi akaipaka rangi aitakayo. Hawezi kuuza haki ya kusema, "Baba alisema hivi," ikiwa baba hakusema.

Jibu la pili ni la wasia: marehemu mwenyewe akiridhia kabla ya kufa, hakuna wa kulalamika. Hili ni zito zaidi, na mfano wa Jones unalipima. Jones aliridhia mhusika wake aendelee kusema. Hata hivyo mwigizaji aliye hai akiletewa maneno asiyoyapenda anaweza kusita, kuomba yabadilishwe, au kukataa kabisa. Ridhaa yake huwa mpya kwa kila sentensi. Ridhaa ya aliyekufa ni moja tu, imetolewa kabla ya maneno kuwapo, na haiwezi kurudishwa. Aliyeridhia hivyo ameazima chombo. Hakushiriki katika kila neno litakalopitishwa humo. Kwa hiyo matusi yale hayakuwa ya Jones, na hakuna mwenye akili atakayemlaumu. Hapo ndipo tatizo linapojionyesha: ikiwa halaumiwi kwa neno baya, basi hastahili sifa kwa neno zuri. Imebaki sauti isiyo na mwenyewe.

Jibu la tatu ni la furaha ya msikilizaji. Watu wengi walilia walipomsikia Lennon tena, na kilio chao kilikuwa cha kweli. Furaha haipaswi kudharauliwa, kwani sanaa isiyofurahisha haina pa kukaa. Ila furaha haithibitishi ukweli. Barua ya kughushi kutoka kwa mpenzi aliye mbali hufurahisha kama barua ya kweli, mpaka siku itakapojulikana.

Washairi wa pwani walilikuta swali hili karne nyingi kabla ya kompyuta, nao walilitungia bahari yake. Bahari hiyo ni takhmisi. Mshairi wa baadaye huchukua ubeti wa mshairi aliyemtangulia, wenye vipande viwili, naye hutunga vipande vitatu vya kuutangulia, hata ubeti ukawa na vitano. Mfano mashuhuri ni Takhmisi ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, ambaye huhesabiwa pia kuwa mtungaji wa Al-Inkishafi. Liyongo alikuwa amekwisha kuwa kisa cha wazee Sayyid Abdalla alipoishika kalamu. Hakujifanya Liyongo. Alisimama kando yake, akampisha aseme la mwisho katika kila ubeti. Msomaji anayeijua bahari hiyo hujua papo hapo vitatu ni vya nani na viwili ni vya nani. Mshono umeachwa wazi, na uzuri wa shairi umo katika kuona namna vitambaa viwili vya zama mbili vilivyokutana.

Watafsiri nao walikuwa na adabu hiyo. Katika hati za kale za Hamziya, mstari wa Kiarabu wa al-Busiri huandikwa, na chini yake mstari wa Kiswahili wa Sayyid Aidarus. Mtafsiri hakuufuta mdomo wa mwenye shairi ili akae mahali pake. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, alipoyakusanya mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, alifanya kazi inayofanana na ile ya programu ya Jackson: aliyatafuta mashairi yaliyokuwa yakipotea pamoja na waliyoyahifadhi, na akafafanua yaliyokuwa magumu. Aliondoa vumbi, hakuongeza Muyaka wa pili.

Mtu atasema kwamba mapokeo hayakuwa safi kiasi hicho, na atakuwa na haki. Yako mashairi yaliyobandikwa jina la Liyongo ambayo huenda si yake, na wanakili waliongeza beti bila ya kuaga. Ni kweli. Lakini wataalamu wa ushairi wametumia maisha yao kuchambua kipi ni cha nani, na hakuna aliyewahi kuuita uchambuzi huo kazi bure. Kosa la mnakili lilihesabiwa kuwa kosa. Jambo jipya katika zama hizi ni kwamba kosa lile lile hutangazwa kuwa bidhaa.

Kwa mizani ya takhmisi, mifano ile mitatu hujipanga yenyewe. Lennon alichambuliwa, maneno na sauti ni vyake, na vya wenzake viko kando yake. Hata hapo hesabu haikosi deni. Sehemu moja ya wimbo kama alivyoirekodi iliachwa nje, na vipande vya sauti za uitikiaji vilichukuliwa kutoka nyimbo za zamani za kundi hilo. Lakini hayo yalielezwa hadharani, na msikilizaji anaweza kuupima mshono. Tupac alilishwa maneno, tena katika malumbano, mahali ambapo adabu ya pwani humtaka kila mmoja aje kwa jina lake na abebe jibu lake. Ajabu ni kwamba Lamar mwenyewe alikuwa amekwisha kuonyesha njia nyingine. Mwishoni mwa albamu yake ya mwaka 2015, To Pimp a Butterfly, anazungumza na Tupac: maswali ni ya Lamar, na majibu yametolewa katika mahojiano ya kweli ya mwaka 1994. Maswali mapya huweza kuyapindisha majibu ya zamani, na hilo ni la kuangaliwa. Hata hivyo kila neno la Tupac humo alilitamka Tupac. Hiyo ni takhmisi, ingawa hakuiita hivyo.

Liko na upande wa walio hai. Katika filamu Rogue One ya Desemba 2016 alionekana Peter Cushing, aliyefariki mwaka 1994. Chini ya uso ule alikuwako mwigizaji Guy Henry, aliyetembea na kusema, na uso wake mwenyewe ukafichwa. Katika michezo ya video, waigizaji wa Marekani waligoma kuanzia Julai 2024 hadi katikati ya 2025, na akili mnemba ilikuwa kiini cha mgogoro. Darth Vader wa Fortnite alipotokea, chama chao kilipeleka malalamiko, kwa kuwa kumsemea mhusika huyo katika michezo ilikuwa kazi ya waigizaji walio hai. Marehemu hadai ujira, hachoki, haugui koo. Akiachwa aimbe milele, kijana mwenye sauti yake mwenyewe atasimama wapi?

Zanzibar inalo jibu, na jibu hilo lina majina. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, akafariki mwaka 1950. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, aliziimba nyimbo za Siti kwa miaka mingi. Hakuiiga sauti ya Siti. Aliziimba kwa sauti yake, nzito na yenye mikwaruzo ya umri, na kila aliyesikiliza alijua kwamba wimbo ni wa Siti na pumzi ni ya Kidude. Kwa njia hiyo Siti aliendelea kuishi na Kidude akapata kuwa Kidude. Kama kungekuwako chombo cha kumfanya Siti aimbe upya kila mwaka, huenda kisingebaki chumba cha mtu wa pili.

Santuri za Siti zina mvumo mkubwa kuliko kanda ya Lennon. Fundi atakayeuondoa mvumo huo, akaileta sauti karibu bila ya kuongeza wala kupunguza neno, atakuwa ametoa huduma ya kushukuriwa. Lakini ikija siku sauti hiyo ikaimbishwa ubeti ambao Siti hakuuimba, kwa tangazo la biashara au kwa kampeni ya uchaguzi, haitatosha kuuliza kama warithi wamelipwa. Iulizwe kwanza nani ametunga. Mshairi wa pwani alikuwa na desturi ya kulitaja jina lake katika beti za mwisho, ili mwenye kumsifu na mwenye kumlaumu wote wajue mlango wa kubisha. Mtungaji wa ubeti huo mpya naye alitaje lake, lisikike kabla ya sauti ya Siti kuanza. Akiona haya kulitaja, basi na asimtwishe Siti.