Sadaka ni Amana: Tumkabidhi Nani?



Liko neno lililozoeleka midomoni mwa Waislamu wengi wa kwetu, nalo husemwa kila inapotajwa habari ya mchango ulioliwa: "Mimi nimetoa kwa ajili ya Mungu, aliyekula shauri yake." Neno hili lina sura ya uchaji, na nusu yake ni kweli, kwani Mwenyezi Mungu hapotezi ujira wa mwenye nia njema. Lakini nusu ya pili ni uvivu. Wanafunzi wangu hapa chuoni, vijana waliotoka Afrika Mashariki na ambao hutuma nyumbani hicho kidogo wanachokipata, huniuliza mara kwa mara: mwalimu, nimpe nani? Swali lao ni la dini kabisa, wala si la biashara, nami nataka kulijibu hapa kwa urefu kidogo.

Kurani Tukufu haiielezi sadaka kuwa ni ukarimu tu wa mwenye nacho. Yafundisha kwamba katika mali za wachaji imo haki ya mwombaji na haki ya yule asiyeweza kuomba (51:20, 70:25-26). Basi fedha iliyokwisha kunuiwa kumlisha yatima si yangu tena. Mimi ni mjumbe wa kuifikisha. Nikimkabidhi mtu nisiyemjua, bila kuuliza neno, kisha yatima akalala na njaa, huenda ujira wangu ukawa salama mbele ya Mola, lakini yatima hakula. Aliyeibiwa ni yeye. Nani basi amenipa mimi ruhusa ya kusamehe kilicho chake? Na katika Sura ya Nne tumeamriwa kuzifikisha amana kwa wenyewe (4:59).

Wengi huona haya. Husema: nitamwulizaje hesabu mzee wa watu, anayesali safu ya kwanza? Naam, mwulize. Imo katika Sahihi Bukhari habari ya mtu wa kabila la Azd aitwaye Ibnul-Lutbiyya, ambaye Mtukufu Mtume s.a.w. alimtuma akakusanye sadaka za Banu Sulaym. Aliporudi, Mtume s.a.w. alimhesabu. Yule bwana akagawa mali mafungu mawili, akaeleza kwamba fungu hili ni lenu, na hili nimezawadiwa mimi. Mtume s.a.w. akamwuliza kwa nini asikae nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama zawadi hizo zingemfuata huko. Kisha akapanda mimbari akawahutubia watu, akawaonya kwamba atakayechukua kitu katika mali hiyo pasipo haki atakuja nacho Siku ya Kiyama amekibeba shingoni, awe ngamia, ng'ombe au mbuzi. Ndugu msomaji, angalia jambo hili vizuri. Mtumwa yule alikuwa Sahaba, na mtumaji alikuwa Mtume wa Mungu, na bado hesabu ilifanywa. Basi mwenyekiti wa chama cha kusaidia wajane katika mtaa wetu atachukiaje akiulizwa daftari? Akichukia, kuchukia kwake kumekwisha kukupa jibu.

Sisi wenyewe twapaswa kuwa wepesi wa kulifahamu jambo hili, maana katika Jumuiya yetu hatutoi mchango bila kupewa risiti. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo anayedai risiti kwa katibu wa mali, akifika kituo cha basi hutumbukiza noti katika kisanduku chenye picha ya mtoto mgonjwa, asijue kisanduku ni cha nani.

Lakini kuna kosa la upande wa pili pia. Wako wanaotaka kila senti imfikie maskini, na wakisikia kwamba chama kinamlipa mhasibu au dereva, hukasirika. Hao hawakuisoma vema aya ya 60 ya Sura ya Tauba, ambayo katika mafungu manane ya wenye kustahiki inawataja wale wanaoshughulika na sadaka zenyewe. Magunia ya unga hayajipeleki kijijini. Chama kinachojisifu kwamba hakina gharama hata moja, ama kina mtu mwingine anayezilipa, ama kinaficha. Cha kuuliza ni kiasi gani kimelipwa, kwa nani, na nani aliyekubali kilipwe.

Nabii Yusufu a.s. alipomwomba mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, alijieleza kwa sifa mbili: mwenye kuhifadhi na mwenye kujua (12:56). Sisi hutazama ya kwanza tu, tena hutosheka na kanzu safi. Ya pili twaisahau, na huko ndiko kunakopotelea fedha nyingi pasipo mwizi yeyote. Mtu mwaminifu kabisa aweza kuchimba kisima kwa fedha zenu, apige picha siku ya kufungua, na baada ya mwaka pampu ya mkono ikavunjika, kijijini pasiwe na fundi wala vipuri wala mfuko wa matengenezo. Huko pwani aweza hata kuchimba mahali ambapo maji yake ni ya chumvi, kwa sababu hakumwuliza mwenyeji. Kwa hiyo usiombe kuonyeshwa kisima cha mwaka huu. Omba kuonyeshwa kile cha miaka mitano iliyopita, na uwaulize wanawake wenye ndoo kama kingali kinatoa maji.

Njia ya kuchunguza haihitaji elimu kubwa. Kwanza ni usajili. Tanzania Bara iko Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya mwaka 2002, ambayo huyataka mashirika kutoa kila mwaka taarifa ya kazi zao na hesabu zilizokaguliwa. Kenya iko Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024. Cheti cha usajili, hata hivyo, chathibitisha tu kwamba chama kipo. Hakithibitishi kwamba kinafanya kazi. Pili, tazama jina la akaunti au la namba ya simu unayotumia fedha. Kama chama kinaitwa jina moja na fedha zinaingia kwa jina la mtu binafsi, simama hapo. Na hata jina linalofanana halitoshi. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilipoipiga Bukoba na sehemu nyingine za Kagera, watu wa kila dini walichanga. Na kabla ya mwezi huo kwisha Rais John Magufuli alitengua uteuzi wa baadhi ya watumishi wakuu wa huko kwa tuhuma kwamba ilifunguliwa akaunti nyingine yenye jina linalofanana na lile la akaunti rasmi ya maafa. Nani alikuwa na hatia si kazi ya kalamu hii. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba mtoaji asiyesoma namba yote mpaka mwisho aweza kudhani ametuma Mashariki kumbe ametuma Magharibi.

Kuhusu makao ya mayatima nataka nikae zaidi, kwa kuwa hapo moyo hulainika na akili husinzia. Watoto wengi walio katika makao hayo, katika nchi zetu kama kwingineko, wana angalau mzazi mmoja aliye hai; umaskini ndio uliowapeleka. Serikali ya Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya mwezi Novemba 2017, baada ya kuonekana kwamba wako watu wanaowafanya watoto kuwa chambo cha kuvutia wafadhili. Kurani Tukufu inawaagiza walezi wa mayatima waweke mashahidi wanapowakabidhi mali yao (4:7). Basi usione vibaya kuuliza: mtoto huyu ametoka wapi, nani wa jamaa yake ametafutwa, na wangapi mwaka huu wamerudishwa kwa bibi au kwa shangazi wakasaidiwa hukohuko? Tena, kama umekwenda kujitolea na mlinzi wa makao akakuzuia getini, akakwambia huwezi kuingia kucheza na watoto mpaka ujulikane u nani, usikasirike. Hayo ndiyo makao ya kusaidiwa. Yale yanayomfungulia mlango kila mgeni mwenye kamera na biskuti ndiyo ya kuogopwa.

Na kujitolea nako ni sadaka, lakini si kila mkono unafaa kila kazi. Mwalimu afundishe, fundi bomba atengeneze bomba. Anayejua hesabu atafanya jambo kubwa kuliko kugawa chakula siku ya Idi akikaa Jumamosi moja kila mwezi na vitabu vya chama kidogo cha mtaani, kwa sababu Kurani Tukufu imetuhimiza tusichoke kuandika deni, liwe dogo au kubwa (2:283), na vyama vingi vidogo havikosi uaminifu, hukosa mwandishi.

Wako pia wasio na chama chochote, wale ambao asiyewajua huwadhania matajiri kwa vile hawaombi (2:274). Hao balozi wa nyumba kumi huwajua, na muuza duka la pembeni huwajua zaidi, maana yeye ndiye mwenye daftari la madeni yao. Aliye mbali, kama hawa vijana wangu, aweza kumlipa mwenye duka deni la mjane bila mjane kujua nani amelipa.

Msomaji atanikumbusha Hadithi ya yule mtu aliyetoa sadaka usiku, ikaangukia mikononi mwa mwizi, usiku wa pili kwa mwanamke mzinifu, wa tatu kwa tajiri, naye akabashiriwa kwamba imekubaliwa. Ni Hadithi sahihi, na humfariji aliyedanganyika bila kujua. Haimfariji aliyekataa kujua.

Na aliyegundua kwamba fedha zimeliwa, apeleke habari hiyo na ushahidi wake kwa afisa maendeleo ya jamii au kwa msajili. Asiitangaze barazani wala katika simu za watu kabla ya kuthibitika, kwa maana tumeamriwa kuichunguza habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga (49:7), na uvumi wa juma moja waweza kufunga jiko lililokuwa likilisha watu kila siku.