Fundi Akibahatisha, Nani Alipe?

Pale Mombo, barabara ya Lushoto inapoiacha ile ya Arusha, pikapu kuukuu ya petroli ikigoma kuwaka haikosi wataalamu. Huyu atasema plagi, yule koili. Badilisha vyote, ikawaka, watu watashangilia. Mimi nauliza: nani amejua kilichokuwa kibovu?

Kujua kuna njia yake. Chomoa waya mkubwa wa koili upande wa distribyuta, ushike kwa koleo lenye mpira, usogeze karibu na chuma cha injini, mwenzako apige stata. Cheche ikiruka, kagua mbele: distribyuta, nyaya, plagi. Isiporuka, rudi nyuma: koili, pointi, kondensa, umeme unaoingia.

"Si imewaka bwana, shida nini?" Shida ni kwamba huenda ulikuwa waya uliolegea, ukakazwa bila kukusudia koili ilipobadilishwa. Utalegea tena kwenye kona za kupandia Soni.

Kubahatisha kwa pesa yako ni hiari yako. Kwa pesa ya mwenye kabichi, ni kumkopa bila kumwambia. Naona fundi anayesema "sijui, ngoja nipime" ndiye anayemheshimu mteja, hata asipofanikiwa.